Hoteli Ilijua Kabla Yako

Krismasi ikikaribia, Ogwedhi hujaa. Mabasi ya usiku kutoka Nairobi na Mombasa huwashusha watu mjini Migori alfajiri, nao huparamia matatu na boda wakielekea mashariki, upande wa mpaka wa Narok, na mikate, sukari, mafuta ya kupikia na watoto waliolala mabegani. Askari wa kampuni za ulinzi hurudi. Mafundi wa mjengo hurudi, na walimu, na makarani. Asiyerudi ni yule aliyeajiriwa hotelini. Huyo utamwona Mei, masika ikiwa imekolea na Pwani ikiwa tupu, amepewa likizo isiyo na malipo. Huja na begi moja, husaidia kupalilia mahindi, na simu haimtoki mkononi kwa sababu meneja akipiga ni lazima aondoke kesho yake.

Wakati huohuo kuna safari ya upande wa pili. Miaka ya karibuni watu wa Migori na Homa Bay wenye akiba kidogo wameanza kwenda kuiona bahari. Mwalimu aliyekopa kwenye sako yake, mfanyabiashara wa ng'ombe, kina mama wa chama waliochanga mia mbili mia mbili tangu Januari: hawa hupanda basi hadi Nairobi, huingia treni ya SGR, na jioni hujikuta Diani au Nyali wakiwa wamefungwa mkanda wa plastiki kwenye kifundo cha mkono, ishara kwamba wamelipia kila kitu. Kwa hiyo wafanyakazi wa hoteli wakigoma, mgeni aliyeudhika na mfanyakazi aliyemuudhi huenda wote ni wa soko moja. Nawaandikia hao wawili. Mzungu wa kwenye matangazo ya utalii naye atajipatia lake humu akitaka.

Tumchukue mmoja wa hao kina mama, na tukio tulibuni, ingawa halina kigeni. Ni siku yake ya pili Pwani. Saa kumi na mbili asubuhi anaamshwa na filimbi. Akichungulia dirishani anaona watu wamevalia sare zilezile za jana, matawi mikononi, mmoja anapiga jerikeni tupu kwa mwiko, mwingine ameinua kipande cha katoni kilichoandikwa kwa wino mzito MIEZI MITATU BILA MSHAHARA. Chini, kwenye ukumbi wa chakula, meza zimefunikwa na mtungi wa chai ni baridi. Msichana aliyemwekea chapati jana amesimama mlangoni, hajui aweke wapi mikono yake.

"Shikamoo, mama. Utuwie radhi, leo hatutoi chakula."

"Marahaba. Lakini mwanangu, mimi nimelipa."

"Najua umelipa, mama."

Hasira ya mama huyo ni halali na sina nia ya kumnyang'anya. Amechanga mwaka mzima. Hatarudi Diani mwakani wala mwaka wa baadaye. Anayemwambia "waonee huruma wafanyakazi" kabla ya kumwambia "pole" hajui pesa za chama zinavyopatikana. Ninachotaka kubishana naye ni mahali pa kuipeleka hasira hiyo. Jambo lililo karibu naye zaidi ni yule msichana mlangoni na ile jerikeni, na wengi wetu humalizia hapo hapo: wafanyakazi hawa hawana adabu, wametuharibia likizo, wafukuzwe wote, kuna vijana chungu nzima wanaotafuta kazi. Nimeyasikia maneno haya mezani kwa watu ambao watoto wao wenyewe wanafagia vyumba Mombasa.

Sasa tuiangalie sheria, maana hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 hairuhusu mgomo wa kuzuka tu. Kwanza mgogoro upelekwe kwa Waziri wa Leba, ateuliwe msuluhishi, naye apewe siku 30 za kujaribu kuwapatanisha, au zaidi kama pande zote zimekubali. Usuluhishi ukishindikana, chama cha wafanyakazi kinapaswa kutoa notisi ya maandishi ya siku saba kwa mwajiri na kwa Waziri. Baada ya hapo tu ndipo mtu anaweza kuweka chini ufagio bila kuvunja sheria. Na siku zote anazogoma, mwajiri halazimiki kumlipa hata shilingi.

Hesabu siku hizo. Mgomo ukifuata utaratibu, mwenye hoteli amekuwa na mwezi na zaidi wa kujua kwamba wafanyakazi wake wamefika mwisho, na wiki nzima ya kujua tarehe yenyewe. Katika wiki hiyo simu ya mapokezi iliendelea kupokewa kwa sauti ya asali. Pesa za mama wa chama ziliingia kwa M-Pesa na ujumbe wa kumkaribisha ukarudi papo hapo. Hakuna aliyemwandikia kwamba siku yake ya pili ingekuwa na filimbi. Msichana wa mlangoni hakuwa na namba yake ya simu wala ruhusa ya kumpigia. Aliyekuwa na namba, ratiba, na notisi iliyopigwa muhuri mezani ni mtu mmoja, na huyo asubuhi ile haonekani kwenye ukumbi wa chakula.

Katiba ya 2010 imewaweka mgeni na mfanyakazi karibu kuliko wanavyodhani. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, mazingira ya kazi yanayofaa, kujiunga na chama na kugoma. Kurasa chache mbele, Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa, habari anazohitaji ili kufaidi kile anacholipia, na fidia akipata hasara. Ukivisoma pamoja unaona kwamba haki zote mbili zinadaiwa kutoka dirisha moja. Mama wa chama na yule msichana hawadaiani kitu. Wote wawili ni wadai, na mdaiwa wao ni mmoja.

Mtu ataniuliza: hata kama ni hivyo, kelele za nini? Si wangesimama nje ya lango kimya na mabango yao? Fikiria jinsi hoteli inavyosikia. Mgeni akipiga simu kwamba maji ya moto hayatoki, fundi anabisha hodi kabla hajamaliza kuvua viatu. Akilalamika kwamba intaneti inasuasua, meneja mwenyewe anakuja na bakuli la matunda. Akiandika maneno mabaya mtandaoni, makao makuu Nairobi yanataka maelezo kabla ya jioni. Barua ya wafanyakazi kuhusu malimbikizo ya mishahara hupita mkondo mwingine: huenda kwa msimamizi wa zamu, kwa ofisi ya wafanyakazi, kwa wakili, kisha hukaa. Katika jumba lote lile sikio la mwenye mali limefungwa kwa kila mtu isipokuwa mgeni. Kelele chini ya dirisha la mgeni ni ombi kwamba awaazime wafanyakazi sikio lake. Ombi baya, lisilo na adabu, la saa kumi na mbili asubuhi, nakubali. Lakini la adabu lilitangulia na halikujibiwa.

Tena wageni wengi hawajui kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu hoteli nzuri hulipwa ili isionekane. Chukua zamu ya kukatwa, ambayo wahudumu wa Pwani wanaijua kama kiganja cha mkono. Mhudumu anafika saa kumi na moja na nusu alfajiri kupanga vikombe. Anahudumia kiamsha kinywa hadi saa nne na nusu, anafuta meza, anaambiwa aende, arudi saa kumi na mbili jioni kwa chakula cha usiku kitakachokwisha saa tano. Saa hizo za katikati hazilipwi. Zimekaa vibaya: ni nyingi mno kuketi jikoni bila kuonekana mzembe, ni chache mno kwa mtu anayeishi mbali kwenda nyumbani, kupika, kulala na kurudi akiwa amepiga pasi shati jeupe. Basi hulala chini ya mkorosho nyuma ya stoo ya gesi, au ndani ya chumba cha kubadilishia nguo kilichojaa unyevu. Usiku, matatu zikiwa zimepungua, hulipa boda bei ya usiku. Kwenye karatasi amefanya kazi saa kumi. Kwa mwili wake ni karibu kumi na nane.

Au chukua chumba unachokikuta kimetandikwa kama hakijawahi kulaliwa na mtu. Kuna mwanamke aliyeinua kona ya godoro lile zito kwa mkono mmoja na kuingiza shuka kwa mwingine, mara nne kwa kitanda, kitanda baada ya kitanda, zaidi ya vyumba kumi kwa zamu moja msimu ukiwa umechangamka. Ameinama bafuni kutoa nywele zako kwenye tundu la maji. Anajua unakunywa dawa gani, maana amezipanga upya mezani. Wewe humjui jina, ijapokuwa ameliandika kwenye kijikaratasi alichokuachia juu ya mto, na kuchora ua.

Malipo yake? Kima cha chini cha kisheria kilichoanza Novemba 2024 kwa kibarua wa kawaida katika majiji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu kilikuwa Sh16,113.75 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba, na nje ya majiji ni chini ya hapo. Mei 2025 Rais Ruto akatangaza nyongeza ya asilimia 12, ambayo ingekisukuma hadi kama Sh18,000. Sasa toka Ogwedhi uelekee mashariki, uvuke Transmara, ufike Mara. Tangu 2024 mgeni wa kigeni anatozwa dola 200 kwa siku kuingia Maasai Mara kati ya Julai na Desemba. Ni zaidi ya Sh25,000, kabla hajalala popote wala kuonja chai. Siku moja ya mtu mmoja ya kutazama nyumbu imepita mwezi mzima wa mtu wa kazi za chini. Sisemi ada hiyo ipunguzwe. Nasema pesa zipo, na anayekwambia kwamba sekta haina cha kumwongezea mfanyakazi aonyeshe vitabu vyake.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Maafisa wa utalii wanapenda sana kuyarudia maneno haya kwenye hafla. Anayestahili kupona hapo ni nani hasa, mwenye hisa au mwenye ufagio, hafla huisha bila kusema.

Lawama inayorudiwa kuliko zote ni ya wakati. Kwa nini Desemba? Kwa nini Agosti, nyumbu wakivuka mto? Wangoje basi msimu uishe. Lakini mgomo wa Mei ni mgomo wa nani? Mei hoteli nyingine zimefunga milango zenyewe na wafanyakazi wako shambani Ogwedhi bila senti. Mwenye hoteli hapotezi chochote mtu asipokuja kazini siku ambayo yeye mwenyewe hakumtaka. Mkulima wa miwa hatafuti bei baada ya kiwanda kufungwa. Nguvu ya mfanyakazi wa hoteli huja na msimu na kuondoka na msimu, ni wiki chache tu, na anayemwambia asubiri anamwambia aikose.

Vilevile tusidanganyane kwamba mgomo ndio unaoua utalii. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake kuhusu ugaidi Mombasa, kampuni za Thomson na First Choice zikawaondoa wateja wao na kufuta ndege za kukodi. Hoteli kadhaa za Pwani zilifunga na maelfu ya wafanyakazi wakarudishwa makwao. Hawakuwa wamegoma, mabomu hayakuwa yao. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa Korona. Mwezi Mei hoteli za Fairmont nchini, ile ya Norfolk jijini Nairobi na ya Mara, zilitangaza kuwaachisha kazi wafanyakazi wao wote. Agosti mwaka huohuo InterContinental ya Nairobi ikafunga baada ya nusu karne, na mwisho wa 2022 Hilton, iliyokuwa imefunguliwa 1969, ikazima taa. Watu waliokuwa wamebeba trei miaka ishirini walitoka na barua. Sikumbuki mgeni hata mmoja aliyelalamika kwamba kimya cha siku hizo kilimsumbua usingizi. Mwajiri akisimamisha kazi tunaita uchumi. Mwajiriwa akisimamisha kazi siku moja tunaita fujo.

Kwetu Nyanza Kusini hatuna udhuru wa kujifanya wageni wa mambo haya. Vuka daraja la Mbita uingie Rusinga, uende Kasawanga, utamkuta Tom Mboya kaburini, katika jengo lililojengwa kwa umbo la risasi, na watalii waliolala kwenye vyumba vya kando ya ziwa wanapelekwa kulitazama. Wanaambiwa habari za waziri aliyepigwa risasi Julai 1969 na za wanafunzi waliopelekwa Marekani kwa ndege. Ile ya Machi 1955 haitajwi sana: makuli wa bandari ya Mombasa waligoma, serikali ya kikoloni ikiwa katikati ya hali ya hatari, na kijana huyu wa miaka 24, katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akashuka Pwani kuwatafutia suluhu. Mwisho wake mishahara ilipanda kwa kadiri ya theluthi moja.

Na kabla yake kulikuwa na Januari 1947. Tarehe 13 mwezi huo wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa walisimamisha kazi kwa siku kumi na mbili. Walianza watu wa bandari na reli, lakini watumishi wa nyumbani na wa hotelini walikuwemo pia, na kila siku walikutana Kiwanja cha Maskini wakasikilizana. Chege Kibachia, aliyeibuka kuwa kiongozi wao, alikamatwa Agosti akawekwa kizuizini Kabarnet kwa miaka mingi. Walowezi waliokosa chai ya kitandani wiki hizo hawakukosa la kusema juu ya utovu wa shukrani. Leo hatuwakumbuki hao walowezi. Tunawakumbuka waliokosa shukrani.

Mboya huyohuyo, akiwa Waziri wa Leba, ndiye aliyesimamia Mkataba wa Uhusiano Viwandani wa Oktoba 1962 kati ya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, uliotaka watu wazungumze kwanza kabla ya kuweka chini zana. Wako wanaomlaumu kwamba alizikata kucha ambazo yeye mwenyewe aliziotesha. Mimi naona alijua kitu kimoja kutokana na mwaka wa 1955: kwamba ukimlazimisha mfanyakazi kungoja, ni lazima umlazimishe mwajiri kusikiliza. Nusu ya kwanza ya mapatano hayo tumeitunza vizuri. Kuhusu ya pili, muulize mtu yeyote wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa mahotelini na majumbani, ni mara ngapi amekwenda mahakamani na notisi halali, mwajiri akapata amri ya kusimamisha mgomo siku moja kabla.

Kuna migomo ambayo huruma yangu huenda nayo ikichechemea. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma siku kadhaa, abiria wapatao 10,000 wakakwama, na ingawa dai lao kuhusu mfuko wa akiba ya uzeeni lilikuwa na msingi, sikuweza kumlilia rubani kama ninavyomlilia mpishi wa chapati. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa uwanja wa ndege wa JKIA walipogoma kupinga mpango wa kuukabidhi uwanja kwa kampuni ya Adani kwa miaka 30, watu walilala juu ya masanduku yao tangu usiku. Siku ile redioni walaani walikuwa wengi. Novemba mpango ukafutwa na Rais mwenyewe, na baadhi ya walaani hao wakageuka mashabiki. Lakini abiria aliyekosa mazishi ya mamake siku ile hakurudishiwa mazishi. Hilo nalo lisemwe bila kulipaka sukari.

Upo pia mpaka ambao mgomaji asiuvuke, hata akiwa na haki mfukoni. Kumzuia mgonjwa asitoke na gari, kumtukana mtoto wa mgeni, kuvunja, kutia uchafu kwenye chakula: hayo si mgomo na sitayatetea. Mgeni mzee aliye ghorofa ya tatu anahitaji maji ya kunywa na mtu wa kumsaidia ngazi, na wagomaji wenye kiongozi mwema huwa wameteua wenzao wachache wa kazi hiyo. Jerikeni saa kumi na mbili, sawa. Saa nane za usiku, hapana.

Halafu wapo wasio na chama kabisa. Hoteli nyingi, hasa zile ndogo zinazochipuka Mbita, Homa Bay mjini na Migori, huendeshwa na vibarua wanaoandikwa leo na kuachwa keshokutwa. Sheria ya Uajiri ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima si kibarua tena, ana haki za mwajiriwa. Dawa ya waajiri wengine ni kumpumzisha siku mbili kabla mwezi haujatimia, kisha kumwita upya. Mtu wa aina hiyo atatoa notisi ya siku saba kwa niaba ya chama gani? Akiamka siku moja akaketi chini na wenzake, wataitwa wavunja sheria, na kisheria huenda ni kweli. Ila mshahara usiolipwa miezi mitatu ni notisi tosha kwa yeyote aliyepaswa kuulipa.

Tena jambo hili linakuja nyumbani kwa kasi. Madaraka ya Juni 2025 iliadhimishwa Homa Bay, na Agosti mkutano wa ugatuzi ukafuata huko huko; vyumba vilijaa, watu wakalala hadi miji jirani. Kaunti za Homa Bay na Migori zinajinadi kwa watalii: swala korongo wa Ruma, visiwa vya Rusinga na Mfangano, maboma ya mawe ya Thimlich Ohinga ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2018. Vizuri sana. Kila kitanda kitakachoongezwa kitahitaji mtu wa kukitandika, na itakuwa aibu tukimchukua kwa masharti yaleyale yaliyomfanya apige jerikeni Diani.

Nje ya hapa nako mambo ni yaleyale. Mwaka 2018 wafanyakazi kama 7,700 wa hoteli za Marriott waligoma katika miji minane ya Marekani, Honolulu ikiwemo, ambako walipiga kelele nje ya hoteli. Dai lao lilikuwa kwamba kazi moja imtoshe mtu kuishi. Pasaka ya 2025 ilikuwa zamu ya visiwa vya Kanari vya Uhispania. Wageni hunung'unika, wengine hushuka wakajiunga na mstari kwa nusu saa, wakapigwa picha, wakarudi kwenye bwawa. Nawapenda hao wa nusu saa, hata kama wanafanya kwa ajili ya picha.

Lakini ukitaka likizo isiyo na filimbi kabisa, ipo. Imarati mgomo ni marufuku na vyama vya wafanyakazi havipo. Qatar mfanyakazi mgeni haruhusiwi kuunda chama. Hoteli za huko ni tulivu ajabu, na ukimsikiliza vizuri anayekumiminia kahawa unaweza kugundua kwamba lafudhi yake ni ya Uriri au Ndhiwa. Vijana wetu wengi wako huko. Hawapigi jerikeni. Wakidhulumiwa hurekodi sauti ya WhatsApp wakiwa chooni, wakaituma nyumbani kwa mama, naye akahangaika na mbunge. Utulivu wa ukumbi ule una bei yake, na haimo kwenye bili ya mgeni.

Basi mama wa chama afanye nini asubuhi ile, njaa inamuuma? Namshauri apite kando ya yule msichana bila kumsemesha vibaya, aende mapokezi, aulizie meneja, na asikubali kuletewa msaidizi. Amuulize notisi ya mgomo ilimfikia lini. Amwombe nakala. Tarehe iliyo kwenye barua hiyo ikiwa imetangulia tarehe ya malipo yake ya M-Pesa, anadai pesa zake, na anadai akiwa na Katiba nyuma yake. Kina mama wote wa chama waketi hapo kwenye makochi ya mapokezi, na watoto wao, na masanduku, wawe wadai wa pili siku hiyo. Nakuhakikishia meneja atatafuta suluhu na wale wa nje haraka kuliko alivyopanga.

Na kuna jambo moja ambalo serikali inaweza kulifanya bila kujenga hata ukuta. Notisi ya siku saba huenda kwa mwajiri na kwa Waziri wa Leba. Iongezwe sentensi kwenye sheria: hoteli ikishapokea notisi, imjulishe kila aliyeweka chumba kwa siku hizo, ndani ya siku moja, na imruhusu kuahirisha au kurudishiwa pesa zote. Wenye hoteli watapinga, na najua watakavyosema: wageni watakimbia hata pale ambapo mgomo ungeepukika. Wengine watakimbia, kweli. Ndiyo sababu mwenye hoteli ataitisha kikao siku ya kwanza ya zile saba, wakati bado kuna vyumba vya kuokoa, badala ya siku ya nane mama akiwa tayari ameketi mapokezi na risiti mkononi.